Wimbo wa Muuza Ulanzi Umeingia Kanisani

Iringa, 3 Agosti 1957

Bibi Chiku mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana hapa nilipo sina wa kumwambia na siku zinakwisha. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, fundi cherehani, nashona kwenye baraza la duka la Bwana Halfani, na jioni za Jumatano na Ijumaa ni mwalimu wa kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri. Majina ya watu nimeyabadili yote, kwa hiyo ukipenda kuichapisha barua hii ichapishe.

Ugonjwa wangu ni muziki. Bwana Halfani ana gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na kila lori lake likitoka Dar es Salaam hufungua boksi la santuri kabla hata sukari haijashushwa, naye huniita, "Fundi, njoo usikie hii mpya," basi mimi naacha shati la mtu bila mkono, nasimama na futi shingoni mpaka santuri iishe, na nikirudi kwenye cherehani mguu wenyewe unakwenda kwa mapigo ya ule muziki, ndiyo maana siku za rumba mishono yangu inanyooka na siku za nyimbo za Kizungu za polepole uzi unakatika ovyo. Sinywi, sivuti, sina ugomvi na mtu. Ni hilo tu.

Sasa mwaka jana mwezi wa saba nikasikia Loleza Jazz wanapiga dansi kwao Mbeya. Nikamwambia Mchungaji Danieli kwamba nakwenda kutazama vitambaa, nikapanda basi Ijumaa alfajiri, nikafika jioni nimekuwa mwekundu kwa vumbi. Dansi lilianza Jumamosi saa kumi, jua bado liko juu ya mlima, na Bibi Chiku, sijui nikueleze vipi, nilisimama karibu na jukwaa mpaka mpiga saksafoni akaniashiria nisogee nisimkanyage. Wakapiga wimbo wao mmoja wa kumsifu mwanamke anayeitwa Semeni, muuza ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, kwamba akikupimia kata moja unasahau njia ya kwenu, na lile gitaa linapanda, linapanda tena, halafu linashuka taratibu kama mtu aliyeitwa nyumbani, nikalia, mtu mzima nimefunga tai nikalia, na watu wamenizunguka wanacheza. Waliupiga mara mbili.

Kwenye basi la kurudi niliogopa nisije nikausahau. Gramafoni sina, na wimbo wenyewe haujatiwa kwenye santuri. Basi nikatoa daftari nililokuwa nalo, nikauandika kwa do-re-mi kama tunavyoandika nyimbo zetu za kwaya, sauti zote nne, mistari imepinda kwa mashimo ya barabara. Maneno sikuandika. Lakini daftari lenyewe lilikuwa la kwaya, na nilipofika nikalirudisha kwenye kabati la kanisa bila kufikiri. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Jumatano nilichelewa mazoezini kwa sababu ya suruali ya mtu. Niko bado nje nikasikia Semeni wa ulanzi anaimbwa kanisani kwa sauti nne. Walikuwa wamefungua daftari wakakuta wimbo mpya, wakadhani ndio wa wiki hiyo, na wewe hujui kwaya yetu ilivyo, ukiwapa do-re-mi wanaimba hata wakiwa na usingizi. Anayewaongoza ni Evarista, sauti ya kwanza, mchumba wangu, na posa imeshapokelewa. Mchungaji amesimama mlangoni, kofia mkononi, machozi yanamtoka.

"Fundi, wimbo huu umeupata wapi?"

Nikisema Mbeya ataniuliza Mbeya mahali gani. Nikasema, "Umenijia tu, Mchungaji."

Akanishika mabega yote mawili. "Umekujia! Bwana asifiwe!"

Kufika Jumapili ulikuwa umeshapewa maneno ya zaburi. Tangu hapo ukabatiza watoto, ukafungisha ndoa, na Mchungaji amehubiri mara mbili juu ya fundi mnyonge aliyeshushiwa wimbo, nami nimekaa mbele natazama viatu vyangu.

Lakini linaloniua ni la mama yake Evarista. Alikuwa mjane, akikaa peke yake Ipogolo, nyumba ya kwanza pale yanaposimama malori yanayotoka Mbeya, akiwauzia madereva chai na viazi. Alipougua mwezi wa pili akaomba kwaya ije kumwimbia wimbo wa Fundi, si mwingine. Tukaenda. Unajua kwetu Wahehe mkwe humtazami usoni, basi niliongoza macho yangu yako chini, upande wa miguuni kitandani, nikaona vidole vyake vinacheza ndani ya blanketi mwanzo mpaka mwisho. Tulipomaliza akasema, "Fundi, mnauvuta mno. Uende upesi kidogo." Nikajua ni homa, au amechoka anataka kwenda zake. Halafu akasema tena, "Usiuache, mwanangu." Siku ya nne akafariki, tukamzika nao. Evarista sasa anauimba hata akikoroga uji, anasema humo ndimo anamosikia sauti ya mama yake.

Sasa Loleza Jazz wanakuja Iringa, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa Bwana Halfani, juu ya kichwa changu hasa. Na unajua desturi ya bendi, mchana lazima wapande juu ya lori wauzunguke mji wakipiga ule wimbo wao unaopendwa kuliko zote ili watu waje dansini, na wimbo huo ni Semeni, madereva wote wa Mbeya wanaupiga mluzi. Jumamosi hiyohiyo kwaya za sharika nane zinakutana kwetu, uwanjani, kando ya barabara, na wimbo wa kufungulia, saa nane, ndio wangu.

Nimekonda. Bwana Halfani akizungusha gramafoni nashtuka, nimejichoma kidole na sindano mara mbili, santuri nilizokuwa nazikimbilia sasa nazikimbia. Nimewaza kujiuguza siku hiyo, nimewaza kwenda kuwapigia magoti Loleza Jazz wasiupige, nimewaza hata kumwambia Mchungaji kwamba wao ndio walioutoa kwetu, na hili la mwisho limenitisha kuliko yote kwa sababu niliona linawezekana. Na bado, nisikufiche, dansini nataka kwenda. Evarista akijua mama yake alizikwa kwa wimbo wa ulanzi ataniacha, na mimi bila Evarista sijioni. Nifanye nini?

Mimi niliyebanwa, Iringa

BIBI CHIKU ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Umebadili majina ya watu wote, halafu ukaniambia wewe ni fundi cherehani, mwalimu wa kwaya, unashona barazani chini ya tangazo la dansi, na mchumba wako ni sauti ya kwanza. Hapo Iringa mafundi wa namna hiyo mko wangapi? Gazeti hili linafika kwenu Alhamisi, na kabla ya saa sita liko mikononi mwa watu kwenye baraza lako. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwa posta siku nne mapema, kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha. Siku hizo nne ndizo ulizo nazo.

Pole kwa hofu, naiona. Lakini usiwe na hofu ya kitu kisichokuwa na kosa ukaliacha kosa lenyewe. Mimi ni Mwislamu, mambo ya kwaya siyajui, ila kupenda gitaa mpaka ukalia sijasikia popote kuwa ni dhambi, wala kuandika wimbo usije ukausahau. Wenzako kuuimba bila kujua ni jambo la kuchekwa jioni moja likaisha. Kosa lako ni maneno matatu uliyomwambia mzee wa watu mlangoni. Kuna mtu huko Mbeya aliyekaa na gitaa mpaka vidole vikaota sugu akautunga wimbo ule, na mwaka mzima wewe unapewa pongezi zake. Na lile wazo la kuwaita wao wezi, litoe kichwani leo. Ona haya!

Kujiuguza, hapana. Kwenda kuwapigia magoti wasipige wimbo wao wenyewe, hapana, aibu gani hiyo?

Sasa rudi kwenye barua yako uisome kama ya mtu mwingine. Mjane anauza chai Ipogolo. Madereva wa Mbeya wanashuka mlangoni kwake kutwa, na umesema mwenyewe kwamba wote wanaupiga mluzi wimbo huo. Anaugua, anauomba huo na si mwingine. Vidole vinacheza. Kisha anakwambia mnauvuta mno, uende upesi kidogo. Upesi kama upi, Fundi? Zaburi yenu hakuwahi kuisikia ikienda upesi. Yule mama alimjua Semeni, pengine kabla yako, na alijua ulikomtoa. Hakukusemea kwa Mchungaji wala kwa binti yake, akakwambia usiuache. Lau si adabu ya ukweni ungemtazama usoni, na mimi nadhani ungemkuta anacheka.

Hilo halikusafishi. Yeye amenyamaza kwa hisani yake, wewe unanyamaza kwa woga.

Kwa hiyo nenda kwa Evarista leo. Si kwa barua, si kwa mshenga, miguu yako mwenyewe. Anza na basi na daftari, umalizie na vidole vya mama yake, usijitetee hapo katikati. Atakasirika. Mwache akasirike, pengine wiki nzima, na usimfuate na kanga ya kumnyamazisha. Kesho yake uende kwa Mchungaji, Evarista akifuatana nawe vema, asipofuatana nenda peke yako, umwambie kwamba Jumapili utasimama mbele ya usharika useme ulikoutoa. Akikuvua ualimu wa kwaya, mpe daftari kwa mikono miwili, usinune. Kama ataubakiza wimbo au ataufuta, ni juu yake, kanisa ni lake.

Dansini nenda, ila Evarista awe anajua uliko. Umtafute mpiga gitaa kabla hawajaanza, umwambie kuna mama mmoja wa Ipogolo aliyesindikizwa kaburini kwa wimbo wake. Ni haki yake kujua.

Na Jumamosi saa nane, lori likija na ngoma zake, usijifiche. Ukiwa bado mwalimu simama mbele ya kwaya, ukiwa umevuliwa simama nyuma ya watu, lakini uwe pale. Mtazame Evarista. Atakuwa anausikia kwa mara ya kwanza kwa mwendo ule alioutaka mama yake.

Funika cherehani, uende.