Pipa Langu Msibani

Buswelu, Alhamisi

Nimepoteza mashine yangu ya kuchanganyia karatasi na saruji za matofali leo, kati ya saa nne na saa nane, nilipokwenda Mkuyuni kutafuta saruji. Miezi mitano ya kuiunda! Pipa la lita mia mbili, ekseli ya gari bovu katikati, visu vinne nilivyochomelea mwenyewe.

Nimelikuta pipa msibani kwa jirani, limejaa maji ya kupikia. Ekseli imeng'olewa kwa nyundo, tundu limezibwa kwa tambara na sabuni ya mche.

Nani anadai pipa mbele ya maiti?

Aliyelitoa ni Masanja, kaka wa mke wangu. Akaniambia huku anatafuna muhogo, "Shemeji, pipa si pipa tu? Msiba hauombi ruhusa. Na hayo matofali yako ya karatasi, mbuzi si watayala?" Watu wakacheka. Msibani!

Mafaili ya kiwanda kilichotupunguza kazini, magunia tisa, nimeyaloweka tangu Jumatatu. Mchanganyo mmoja hutoa matofali thelathini na mawili, na ukuta wa nyumba yetu unataka mia nane. Karatasi ikioza kabla ya mvua, watoto watalala tena chini ya turubai.

Maji ya msiba simnyimi mtu. Angeniomba, ningempa ndoo zote za nyumbani. Lakini nyundo...

Kesho tunazika. Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, Masanja. Ekseli yangu na visu vyake umeviweka wapi? Pole yako siitaki. Nijibu hilo tu.