Plaka Iliyoipa Kibla Mgongo

Palma, 17 Novemba 2024

Kwa mume wangu mdogo Rizuane,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila magoti ndiyo yamenigeukia. Wewe hujambo? Unakula? Usiniandikie "nakula vizuri, bibi". Niandikie unakula nini.

Barua hii anakuletea Cassamo, yule dereva anayepeleka samaki jikoni kwenu. Simu usiniulize. Nimempa jirani yetu Zubeida, maana kila nikianza kukusema ulikuwa unasema mtandao umekatika. Barua haina mtandao. Utanisoma mpaka mwisho.

Kutoka hapa mpaka uzio wenu wa kampuni ya gesi, Afungi, Cassamo anakwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Wewe mwaka wa pili huu njia huijui. Nimekulea tangu mama yako alipofariki, ukilala mgongoni kwangu, leo mgongo huo huujui tena. Basi, hilo nimelisema. Nitalisema tena chini.

Neno langu ni umeme. Rekarga, vocha ya mita, naiweka Jumatatu, Alhamisi mita inalia kama mbuzi aliyefungwa juani. Friza siwezi kuizima: barafu ndiyo chakula changu, wanawake wa samaki wananijia kila asubuhi. Lakini barafu yote inarudi kwenye mita. Sasa nimekaa nikawaza. Jua linapiga juu ya bati langu kutwa na halitozi mtu kitu, na mimi nina mjukuu eletricista, fundi umeme mzima. Ile picha yako ya kofia ya njano nimeitundika sebuleni. Mgeni haketi kabla hajaitazama.

Basi nieleze nifunge vipi umeme wa jua kwa vitu vya kuokoteza. Mitambo ya matajiri sitaki. Mimi nitashika barua yako chini, Muhamudo kinyozi atapanda juu ya bati. Yeye mwepesi, hana la maana tumboni wala kichwani.

Lakini ningependa upande wewe. Nilikwambia nitalisema tena.

Bibi yako,
Saquina


Afungi, 2 Desemba 2024

Kwa mke wangu wa kwanza,

Shikamoo bibi. Mimi sijambo, nakula wali na kuku, Ijumaa samaki. Magoti yapake mafuta ya nazi yenye karafuu, na usibebe ndoo.

Bibi, friza usiitie kwenye jua. Friza inakula sana, plaka ndogo ya kunasa jua haiiwezi. Iache kwenye mita lakini iponye. Iondoe karibu na jiko, joto linaifanya ihangaike. Ule mpira wa mlangoni uoshe kwa sabuni, ukiwa na uchafu baridi inatoka hata mlango ukifungwa. Barafu ikiganda kwenye kuta zake ikwangue kwa mti, si kwa kisu. Na isikae nusu tupu, ijaze chupa za maji. Utaona mita itanyamaza.

Taa, redio na kuchajia simu za watu, hivyo ndivyo vya jua. Tafuta plaka moja ndogo sokoni. Bateria ya gari iliyochoka kuwasha injini bado ina nguvu ya taa, mwulize Cassamo. Nunua na rigulador, kile kisanduku kidogo kinachozuia bateria isijae ikapasuka. Taa chukua zile za pikipiki. Nyaya ziwe nene na fupi, weka na fuzi. Bateria isilale chumbani unapolala, ina pumzi mbaya, iweke barazani juu ya ubao.

Plaka ielekezwe kusini. Hiyo ndiyo regra, kanuni yake, plaka zote huelekezwa sul.

Kuja, bibi, kazi imebana. Turno, zamu zetu, zinabadilika kila mara. Nikipata folga, siku ya mapumziko, utaniona mlangoni.

Mjukuu wako,
Rizuane


Palma, 12 Januari 2025

Kwa mume wangu fundi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, magoti yamesikia karafuu. Wewe u mzima? Mikono salama? Umeme usikushike.

Nyumba inawaka. Barazani taa, jikoni taa, chooni taa, mpaka mende wamehamia kwa Muhamudo. Friza nimeifanya ulivyosema, na rekarga sasa inanifikisha Jumatatu nyingine na bado. Mita nikiipita naisalimia kama mke mwenza aliyeachwa.

Watu wamekuja kutazama. Nikawasomea barua yako mimi mwenyewe, kwa sauti, bila kukwama. Mimi wa chuo cha Kurani na darasa la watu wazima, sijui kitu cha escola, shule ya Kireno, lakini nilisoma mpaka "rigulador". Zubeida amefunga plaka yake, sasa anakaanga mandazi alfajiri kwa mwanga wa bure. Muhamudo naye amefunga. Mpaka madrasa wamechangishana.

Pale madrasa palikuwa na maneno. Maalim Abibo akasimama chini ya bati akasema, "Bi Saquina, hiki chombo mbona kimeipa kibla mgongo? Juu ya madrasa?" Kwetu hapa kibla iko kaskazini moja kwa moja, na Muhamudo ameelekeza kusini kama ulivyoandika. Nikamwambia, "Maalim, umeme hauswali. Wewe juzuu ni zako, nyaya ni za mjukuu wangu." Watu wakacheka, yeye akarudi kwa wanafunzi wake.

Nimewaambia wote: ikiharibika njooni mlangoni kwangu, si kwa mwingine. Jina langu liko juu ya mabati yao.

Ile folga imepotelea wapi?

Bibi yako mwenye nuru,
Saquina


Afungi, 9 Februari 2025

Shikamoo bibi,

Mimi mzima. Nimefurahi sana, nimesoma barua yako nikicheka peke yangu. Lakini usiwaambie watu wengi, bibi. Kila bati lina yake. Wenye haraka wasubiri mpaka nije nitazame mwenyewe.

Mwezi wa Ramadhani nitajitahidi nije angalau futari moja. Kama si mfungo, basi Idi.

Mjukuu wako,
Rizuane


Palma, 20 Aprili 2025

Rizuane,

Assalaam alaykum. Mimi mzima. Wewe sijui.

Mfungo umekwisha. Idi imekwisha. Nilikuwekea paja la mbuzi, nikaligandisha kwenye friza, nikafukuza paka na wajukuu wa watu. Jana nimempa Zubeida. Alikula hapa hapa mbele yangu akasema nyama ya friza haina ladha.

Taa siku hizi zinafifia mapema. Nadhani vumbi. Tumefuta.

Bibi yako


Palma, 29 Juni 2025

Rizuane,

Assalaam alaykum. Sina haja ya kujua unakula nini.

Taa zote za mtaa zimekufa. Si zangu peke yangu. Mwezi wa tano zilikuwa zinafika isha, sasa magharibi tu zimelala. Bateria zimekauka kwa njaa. Madrasa watoto wanasoma kwa kibatari. Zubeida huizima yake jioni aitunzie mandazi; alfajiri ya Jumanne taa imemzimikia na karai likiwa motoni. Akapapasa, mafuta yakamwagikia mkono wa kulia mpaka kiwiko. Nilikwenda kumwona. Akaniambia, "Saquina, mkono huu ulikuwa unakanda unga." Angenitukana ningejibu.

Kwenye arobaini ya jirani yetu marehemu Aida nilikaribishwa mkeka wa mlangoni, panapovuliwa viatu. Mimi.

Sasa sikiliza. Nyumba moja tu inawaka, ya Muhamudo. Nikaenda. Akakimbilia nyuma ya nyumba. Nikamwita, "Toka, nimekuja na miguu mibovu, usinizungushe." Akatoka, akasema yote. Bati lake la upande wa kusini lilitobolewa wakati wa vita, halibebi mtu, ndipo akafunga plaka upande wa kibla. Miezi yote amenificha, anaogopa nitamsema kwamba amekiuka barua. Nikapanda ngazi mwenyewe, bibi kizee, watu wakinitazama. Plaka yake ya moto, huwezi kuweka kiganja. Yangu ya upande wa pili ilikuwa ya baridi kama mgongo wa chura.

Mwezi wa kumi na mbili jua linapita kusini, ndiyo maana ziliwaka. Mwezi huu liko kaskazini. Kivuli cha choo changu kimelala upande wa kusini tangu Machi, nakiona kila siku ninapokwenda na ndoo. Nilikiona nikanyamaza, kwa sababu nilisema mwenye kofia ndiye anayejua.

Eletricista wa wapi wewe, umezaliwa Palma, usijue jua la Palma? Nijibu hilo tu. Salamu weka.

Saquina


Afungi, 13 Julai 2025

Shikamoo bibi,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena.

Mimi si eletricista. Sijawahi kuwa. Kozi walitaka cheti cha darasa la kumi, nami shule niliiacha vita ilipokuja, unajua. Nikapewa jikoni. Naosha masufuria, yale makubwa ambayo mtu anaingia ndani mpaka kiunoni. Kofia ni ya Nélio, mtu wa Maputo, ndiye eletricista, tunalala chumba kimoja. Alinipa niivae nipige picha, tulikuwa tunacheka tu. Nikakutumia. Ukaitundika.

Ya friza nilikwandikia ninayoyajua, friza za jikoni ni kazi yangu kuzisafisha. Ya plaka niliyatoa kwenye video ya simu. Yule mtu alisema kusini. Alikuwa amevaa koti zito, na nyuma yake mabati meupe kwa theluji. Niliiona theluji, bibi, sikufikiri kwamba kwao jua lina njia nyingine. Nélio sikumwuliza. Ningemwuliza ningelazimika kumwambia kwa nini.

Ndiyo maana sikuja. Mikono yangu imebabuka kwa sabuni. Ungeishika ungejua.

Waambie wageuze plaka zote kibla. Maulidi nitakuja. Nitasimama mbele ya watu niseme mwenyewe, na Bi Zubeida nitampigia magoti. Niruhusu.

Mjukuu wako,
Rizuane


Palma, 27 Julai 2025

Rizuane,

Assalaam alaykum. Barua nimeisoma mara moja, nimeitia jikoni chini ya sufuria. Hakuna mwingine aliyeiona, Cassamo hajui kusoma.

Plaka zimegeuzwa. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nilisimama kwenye kivuli cha ukuta nikawaambia, "Mjukuu wangu aliandika kibla. Mimi ndiye niliyesoma kusini. Macho yangu mabovu na shule sina, nimeyachanganya maneno, nimewatia gizani."

Walicheka. Wengine walicheka vizuri, wengine vibaya. Maalim Abibo alisema, "Bi Saquina, basi umeme unaswali," na hao wote wakashangilia. Watoto wa madrasa wananiita Bi Kusini. Zubeida mkono wake umefungwa kitambaa, akaniambia mbele ya wenzake, "Kurani soma, dada, lakini barua waachie wenye macho." Mimi niliyekuwa nawasomea wao barua za waume zao. Sasa wanazipeleka kwa Muhamudo. Muhamudo, anayesoma kwa kidole.

Nimeyameza yote. Usinishukuru. Sikuyameza kwa mapenzi, sikuweza tu kuona jina la mama yako likisemwa dukani pamoja na masufuria. Hata kuosha masufuria si aibu. Aibu ni kuniacha nikuapie.

Taa zinawaka. Na wewe umetoka safi, kama ulivyotaka. Hapa wewe ni fundi kuliko zamani, maana sasa wana mjinga wa kukulinganisha naye. Kila mtu anakungoja. Maalim anataka umfungie kipaza sauti. Muhamudo anataka taa tatu kibandani. Zubeida anasema, "Mjukuu wako akija atazame bateria yangu, kijana hana kosa."

Ukija Maulidi ukasema ukweli wako, mimi nitakuwa mwongo juu ya kuwa mjinga. Ukija ukanyamaza, watakupandisha juu ya bati, na safari hii utamwunguza mtu mwili mzima.

Kwa hiyo usije.

Nélio unalala naye chumba kimoja. Mwulize. Mwambie kwa nini, mwambie yote, akucheke mpaka achoke, halafu akufundishe. Mimi nimechekwa na mtaa mzima na bado naenda sokoni.

Ukijua kazi, njoo. Usipojua, baki huko. Na ukiandika, barua mpe Cassamo mkononi, umwambie asimpe Muhamudo anisomee.

Bibi wa fundi,
Saquina