Kwa Baba, Uliyenificha Ng'ambo ya Mpaka

Baba yangu mpendwa,

Jana baada ya ibada wazee wa kanisa waliniuliza swali lililokuwa lako. Siku hizi kila mahali ni habari za kujitawala, nao wana hofu: nchi changa kama yetu, wakubwa wakipigana tena, itakaa kando au itaingia? Nikacheka, maana wewe na mimi tulikwisha kulijaribu jambo hilo.

Ulikuwa jumbe wa nyumba chache hapa karibu na Tunduma. Katika vita vya Mjerumani ulibebeshwa mizigo na pande zote mbili, leo Mjerumani, kesho Mwingereza, na mgongo ni uleule. Kwa hiyo vita vya pili vilipokuja, na karani wa boma akataka vijana tisa wa kwenda uaskari, ulimwitikia vizuri, ukampa kuku, kisha ukatukusanya nyuma ya ghala. Mtu mmoja akakukumbusha ile methali ya tembo na nyasi. Ukamkata kauli: "Nyasi hazina miguu. Sisi tunayo."

Ukanitanguliza mimi, mwanao wa kwanza, kwa shangazi, ng'ambo ya mpaka. Wanane wengine wangefuata. Hapo ulikosea, baba, tena kosa la watu wa huku kwetu. Mpaka ule tulikuwa tukiuvuka kwenda msibani na kuomba mbegu, hatukuuona kuwa kitu, halafu siku hiyo ukaufanya ukuta. Na kule mtawala ni Mwingereza yuleyule. Chifu wao naye alitakiwa kutoa watu, na nani amtoe mwanawe wakati yupo mgeni anayekula ugali wa ulezi kwa shangazi yake? Siku ya nne nilikuwa nimeshapimwa kifua na kuandikwa askari.

Shangazi alilia, "Nitamwambia nini kaka yangu?" Nikamwambia, "Mwambie asilete mwingine."

Ya vita kule Burma nayaacha hukohuko. Niliporudi walinisimulia kwamba ulivaa kanzu yako ya ujumbe, ukawachukua wale wanane mchana kweupe mpaka bomani, ukawapanga mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. "Hawa hapa, sikuwaficha. Mahindi tutatoa, barabara tutalima. Watu sitoi, nimeshatoa mmoja." Wakakuvua ujumbe, wakakufunga mwezi mzima. Lakini mahindi waliyahitaji, na wanane wakabaki.

Ndivyo nilivyowajibu wazee. Anayejificha hajakaa kando, amejiweka tu mahali pasipo na mtu wa kumsemea. Mdogo akikataa, akatae kwa sauti, mlangoni kwake, na gharama aijue. Akiamua kupigana, aamue hivyohivyo. Wengine waliguna. Mimi sina shaka hata kidogo.

Mama anasema ulikufa ukiamini nina kinyongo nawe. Sina, baba. Naumia tu kwamba ulisimama vile nami sikuwepo kukuona.

Hata kukuzika sikuwahi, nilikuwa bado vitani. Wale wanane ndio waliochimba kaburi. Unajua kwetu mwana wa kwanza ndiye hutangulia kutupa udongo, basi wakasimama na majembe yao, hakuna aliyethubutu kuanza. Mpaka mama akawaambia, "Tupeni. Nyote ni wanawe."

Pumzika, baba.

Mimi,
mwanao wa kwanza