Apdeti Nyingine, Mitungi Ileile

Jumatatu, 3 Machi
Apdeti nyingine! Nimefungua kompyuta asubuhi, skrini imegeuka rangi. Kitufe cha kuthibitisha oda kimehamia juu kushoto. Nani aliomba? Hakuna. Mfumo wetu uko kwenye klaudi — yaani kwenye kompyuta za watu tusiowajua. Wakiamua kupanga upya, umepangiwa. Kutwa nzima nimezunguka kuwaonyesha watu kitufe kiko wapi. "Mama Mfumo, njoo! Mama Mfumo, kimepotea!" Mtunza ghala kaniuliza kama mitungi ya oksijeni nayo itabadilishwa rangi. Sikucheka. Baadaye nikacheka, peke yangu, chooni.

Jumatano, 5 Machi
Kikao na Bosi. Nimemwomba kila apdeti ipite kwanza kwenye majaribio, niipekue, ndipo iingie kazini. Tunapeleka oksijeni kwa wagonjwa majumbani, si maua! Akasema nina wasiwasi wa bibi harusi. Ziache zijiingize zenyewe, nawe upumzike. Akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuziruhusu. Sikubishana. Hilo neno kupumzika ndilo lililonimaliza.

Mume wangu anadai naota kwa sauti: "Inapakia... inapakia..."

Ijumaa, 7 Machi
Hakuna lililoharibika. Bosi kanipita koridoni, kaniinulia dole gumba. Nimewahi nyumbani. Binti yangu kashtuka: "Mama, wamekufukuza?"

Jumanne, 11 Machi
Imeingia alfajiri. Yenyewe. Maelezo marefu kama wosia, na chini kabisa: wateja waliojirudia wameunganishwa. Moyo paa! Wamejuaje nani kajirudia? Kumbe kwa namba ya simu. Majina mawili, namba moja — basi ni mtu mmoja. Lakini wagonjwa wetu wengi ni wazee. Wanaandikisha simu ya mkwe, ya jirani, ya yeyote aliye nayo.

Nimewapigia wenye mfumo. Dada mmoja mpole sana. Hilo si kosa, anasema, ni uboreshaji. Nikamshukuru! Uchovu huu utanitia wazimu.

Nimeshinda nikiwatenganisha mmoja mmoja. Macho yanawasha. Sijamaliza.

Jumatano, 12 Machi
Naandika nimekaa kwenye ngazi za ghala.

Asubuhi, nikiendelea kutenganisha, nimefika kwenye majina ya wazee wawili, nyumba zao zinapakana. Simu moja, ya binti wa mmoja wao. Mfumo umewafanya mtu mmoja, na mtungi mmoja, ulioshushwa jana. Yaani mwingine hana tangu jana! Nampigia binti — hapokei. Nikamkimbilia dereva wetu, Breki — utani tu, hajui kuzikanyaga. Nikamwambia: pakia mtungi, nenda, ya mfumo niachie mimi. Getini hakuna kutoka bila karatasi, na karatasi haichapwi bila oda. Mlinzi kanitazama usoni. Kafungua.

Nikasubiri. Sijui nilisubiri vipi.

Breki kapiga. Wazima! Wote wawili! Kawakuta sebuleni, viti vimesogezwa, mtungi katikati. Wanapokezana. Mmoja anavuta, mwenzake anampigia soga. Pumzi ikimwishia mpiga soga, wanabadilishana. Jana kutwa, usiku kucha, leo tena. Midomo imewabadilika rangi, Breki anasema, lakini wanataniana. Walidhani ndio utaratibu mpya wa kampuni. Hawakutaka kutusumbua.

Hawakutaka kutusumbua.

Nimelia kidogo. Mtunza ghala kaniletea maji.

Bosi naye kapiga. Mtungi umetoka bila oda, mfumo umemtumia onyo — hilo analiona! Kaanza kufoka. Nikamkata: kuna wagonjwa wengine waliounganishwa, simu zao bado hazipokelewi, na magari yote yako njiani. Shuka ghalani. Njoo na funguo za gari lako.

Akauliza, kwa sauti ndogo, wangapi.

Nikamwambia sijui. Sijui, Bosi.

Mtunza ghala keshakunja mikono ya shati, anasogeza mitungi mlangoni. Kwenye ngazi za juu nasikia viatu vikishuka, na mlio wa funguo —