Punje za Mahindi kutoka Zuzu

Jumatatu, 2 Juni 1913. Mpwapwa.
Asubuhi nimefundisha watoto, mchana nimechunga mbuzi. Mmoja anachechemea. Upepo wa vumbi tangu adhuhuri, macho yanawasha.

Jioni kikao kanisani. Tangu mzee wetu wa kanisa afariki wakati wa mavuno, hakuna wa kuamua mambo ya mashamba ya misheni. Padre amesema safari hii tutachagua wenyewe. Wamejitokeza wawili wa kuchaguliwa, Mzee Elia na Danieli. Kila nyumba punje moja ya mtama. Mwenye nyumba aishike kiganjani, aombe, kisha aingie nyuma ya pazia aitie katika kibuyu cha mtu wake.

Mtu akauliza, na askari wetu wanne walioko Zuzu? Serikali imewaweka kule kulinda reli. Mwingine akajibu kwamba aliyevaa kofia ya boma la serikali ameshachagua bwana wake. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Wale ni vijana wetu, wamebatizwa hapa.

Mzee Elia ndiye aliyeinuka kuwatetea. Akasema nyumba ni nyumba hata kama mwenyewe yuko mbali. Waulizwe, na punje zao zitiwe kwa mikono ya wake zao. Padre akakubali. Kisha wote wakanigeukia mimi. Naambiwa nina miguu mizuri.

Jumatano, 4 Juni.
Nimetembea hadi Gulwe, nalala hapa stesheni. Mama Yusta alinifungia ugali na mlenda mkavu. Kaniambia, “Baba Yusta, ndani ya gari la moshi usitoe kichwa nje, sina mume mwingine.” Namshukuru Mungu kwa mwanamke huyu.

Ijumaa, 6 Juni. Zuzu.
Nimewakuta. Wamekonda ila wana afya. Wamejenga vibanda kando ya reli, mchana wanalinda, jioni wanasali pamoja bila mwalimu wala kitabu. Nimeona fahari.

Nikawaeleza. Walifurahi kupita nilivyodhani. Yakobo, mume wa Marita, akasema, “Kumbe bado tunahesabiwa.”

Kila mmoja nilimchukua pembeni peke yake. Wote wanne wamesema Elia. Ndiye aliyewafundisha kusoma. Yakobo amesema pia kwamba mwaka wa njaa Elia alimzika mama yake wakati watu waliogopa ugonjwa. Kila mmoja akachukua punje, akaishika, akaomba, akanipa. Nimezifunga kwenye pindo la kanzu.

Jumatano, 11 Juni. Mpwapwa.
Nimerudi. Miguu imevimba. Nimewapelekea wanawake salamu, punje na jina. Marita aliipokea punje kwa mikono miwili kama anapokea mtoto. Nimelala mchana kutwa, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 12 Juni.
Mambo mabaya. Leo Mzee Elia ametangaza atakalofanya akichaguliwa. Mashamba ya bondeni, yenye maji, yatapewa wanaojenga kanisa na kuchimba mfereji. Wasiotoa mtu wa kazi watapewa ya juu, kwenye mawe. Nani hawatoi mtu wa kazi? Wake wa askari. Waume wako Zuzu.

Danieli amesema yeye ataacha kila mtu alipo.

Nimekasirika. Elia si mtu mbaya, anaona kazi ya kanisa tu. Ila Marita ana watoto watatu na mama yake mzee asiyeona. Bila bonde hawatafika mvua za mwakani.

Yakobo hakujua haya aliposema jina. Mimi pia sikujua. Na gari la moshi halipiti tena kabla ya Jumapili.

Ijumaa, 13 Juni.
Wanawake wanne wamekutana kwa Marita. Wakaniita. Watatu wanataka kutia punje kwa Danieli. Mmoja akasema, “Mwalimu, hawa waume wangekuwa hapa jana wangeshabadili. Tunawasaidia tu.” Neno lenyewe lina akili. Kusema kweli nilitaka wafanye hivyo.

Marita alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. Akasema, “Mimi nimetumwa. Aliyetumwa chumvi haleti sukari.”

“Na shamba?” nikamuuliza.

“Shamba nitalia nalo. Lakini nikimbadilishia leo kwa sababu nzuri, kesho nitambadilishia kwa sababu mbaya. Na yule aliyesema kikaoni kwamba wa boma hawana sauti atakuwa amesema kweli. Itakuwa sauti yangu, siyo ya Yakobo.”

Mwenzake mmoja akamwambia, “Wewe Marita ukifika mbinguni utawachosha malaika.” Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba. Baadaye wakaondoka mmoja mmoja, bila kusema watafanyaje.

Nimerudi nyumbani nikamsimulia Mama Yusta.

Jumapili, 15 Juni.
Ibada, kisha kuchagua. Watu waliingia nyuma ya pazia na kutoka. Marita aliingia na mtoto mgongoni, akatoka macho makavu.

Padre akakimwaga kibuyu cha Danieli kwenye ungo. Mtama mtupu. Akamwaga cha Elia kwenye ungo wa pili.

Ndani yake mahindi. Punje nne nyeupe, kubwa, katikati ya mtama mwekundu.

Kule Zuzu posho yao ni mahindi. Waliposhika punje walishika walichonacho, na mimi mtu mzima nikazifunga na kuzileta bila kuwaza. Pazia lote lile, na siri ikalala wazi juani.

Kila mtu alielewa. Watu waligeuka kuwatazama wale wanawake. Wanne walisimama wima. Wote wanne, hata wale watatu. Nilitaka kupiga magoti palepale.

Padre akahesabu. Elia amepita, kwa tofauti ndogo sana. Bila mahindi yale asingepita.

Elia aliukodolea macho ungo kwa muda mrefu. Alipoambiwa atoe neno alishindwa. Akasema tu, “Asanteni,” akaketi.

Jumatatu, 16 Juni.
Sikufundisha vizuri. Watoto wameona. Kijijini wanaongea habari ya mahindi tu. Danieli amepita kwangu, hana kinyongo. Amesema, “Kushindwa na wanawake wale si aibu.” Nimempenda zaidi.

Elia hajaonekana. Wanasema hajatoka nyumbani tangu jana.

Jumanne, 17 Juni.
Asubuhi nilikuwa bondeni namsaidia Marita kuzungushia miiba. Elia akaja, peke yake, bila fimbo. Akatusalimu. Marita akajibu, “Shikamoo, Mzee,” akaendelea na kazi.

Elia akasema, “Neno la mashamba nilisema mapema. Kuna wenye nyumba ambao sijawauliza.” Akanigeukia. “Mwalimu, miguu imepona?”

Nikasema imepona. Haijapona.

“Basi gari likipita, urudi Zuzu. Waeleze yote, na hili la mfereji, na hili la mawe. Wakikataa, nitasikia. Mpaka hapo kila mtu alime alipo.” Akaaga, akapanda njia ya kanisani polepole. Mzee yule. Nimeelewa kwa nini Yakobo alimchagua.

Marita akaketi juu ya tuta. Alilia kidogo, akajifuta kwa kanga. Mtoto wake alikuwa anakula udongo, tukamwacha.

Kisha akanipa salamu za kupeleka. Niseme hawajambo wote. Niseme bibi wa watoto anakohoa usiku ila anakula. Niseme punje yake imefika ilikotumwa.

“Na umwambie Yakobo,” akasema, “asikae na jibu. Alitume upesi.”