Suruali Ninazofua Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Tena! Niko juu kwenye kreni, nondo zinaning'inia, msimamizi anafoka redioni — na mimi kwenye kiti nahisi unyevu. Choo kiko chini kabisa. Ndiyo maana sisi waendesha kreni tumezoea kubana: asubuhi hunywi maji, hunywi chai, unabana mpaka jioni. Sasa mwili umegoma. Nimemeza vidonge vya kuzuia kuhara.

Jumatano, 5 Machi
Nimefua suruali kabla mke wangu hajaamka. Kanikuta naanika. Tangu lini unafua? Nikasema nakusaidia. Kaguna tu. Mguno huo naujua.
Vidonge nimeongeza. Bado!

Ijumaa, 7 Machi
Siku hizi najipulizia manukato kabla ya kutoka kazini, naogopa harufu. Leo shemeji yangu kaja, wanateta na dada yake, mke wangu, jikoni. Kuingia tu — kimya. Mwanamume anafua mwenyewe na anarudi ananukia! Hata mimi ningeshuku.

Jumatatu, 10 Machi
Kwa daktari. Binti, rika la mwanangu! Nilitamani ardhi ipasuke. Kanibonyeza tumbo, kauliza maswali yote. Kumbe siharishi hata kidogo. Nimefunga choo! Kigumu kimejazana ndani, majimaji yanapenya pembeni, ndiyo yanayovuja. Na vidonge vyangu vilikuwa vinakaza zaidi. Kanipa dawa ya kulainisha. Ninywe maji, nikihisi haja niende, nisibane tena. Kasema: inatibika, baba, wengi wanayo ila hawasemi. Mwambie mama nyumbani, mficha uchi hazai.
Nimeitikia. Kusema ndiyo ni rahisi.

Jumanne, 11 Machi
Dawa nimekunywa tangu mchana. Kurudi, mke wangu kakaa kitandani, suruali yangu mbichi mapajani. Kauliza polepole: ni nani?
Neno lilikuwa hapa kooni. Nikamwona kichwani shemeji akilisikia, kisha mtaa mzima. Nikasema ndiyo, yupo mwanamke.
Mjinga mimi! Mjinga!
Halii. Anafungasha. Niko sebuleni, nasikia milango ya kabati. Nimesimama mara tatu kwenda kumwambia, nimekaa mara tatu.
Na sasa tumbo linanguruma — dawa imeanza kazi. Choo kimo humo humo chumbani, lazima nimpite. Najaribu kubana. Hakubaniki.