Ushuhuda wa Dakika Tatu

Section 58, Nakuru,
Alhamisi asubuhi.

Kaka yangu mpendwa Mburu,

Bwana asifiwe. Naomba Mungu karatasi hii ikukute ukiwa mzima, wewe na Cate na watoto, na ule mgongo wako uwe umekubali kunyooka. Sisi huku tunasukuma. Mvua imekuja kwa fujo. Matope yamefika kiwango ambacho kiatu kinabaki njiani na mwenyewe anaendelea na safari. Mama yuko Subukia na magoti yake. Anakusalimu, na anasema ile dawa ya kupe uliyomtumia kutoka dukani kwako ilifanya kazi, ila iliyobaki aliwamwagia kuku, na tangu siku hiyo kuku wanamtazama vibaya. Kazi yangu ya kutengeneza redio na runinga haijaisha. Watu hawanunui redio tena lakini walizo nazo bado zinaharibika, kwa hivyo nashukuru.

Nina habari nzito, nayo haina pahali pazuri pa kuanzia. Nitaanza na kanisa. Tafadhali usiruke mistari.

Mwezi wa pili nilijiandikisha kwa mafunzo ya uinjilisti. Usicheke. Tangu tumzike baba nilikuwa nikienda ibada kama mtu anayekuja kusoma mita ya stima: naingia, natazama, natoka. Nikaona niende mahali ambapo nitalazimika kukua. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, kila Jumatano alasiri darasani na kila Jumamosi nje kwa watu. Mwalimu wetu anaitwa Ogada, aliyeuza matangi ya maji miaka mingi kabla ya kuitwa na Bwana, na bado anasimama mlangoni kama muuza matangi. Alitufundisha kubisha mara tatu na kurudi nyuma hatua mbili, ili mwenye nyumba asijione amezibiwa njia. Alitufundisha tusimhubirie mtu aliye na sufuria motoni. Kila mmoja alipewa daftari la kuandika alivyoomba asubuhi na alichosoma. Langu wiki ya kwanza limeandikwa "nililala" mara tano.

Milimani kwa matajiri tulihubiria mageti. Askari mmoja wa geti aliokoka Jumamosi mbili mfululizo, nadhani kwa sababu ya kuchoka kukaa peke yake.

Sasa, katika mafunzo haya kuna kitu kinaitwa ushuhuda wa dakika tatu. Dakika ya kwanza unaeleza ulivyokuwa gizani, ya pili ulivyokutana na Yesu, ya tatu ulivyo sasa. Ogada anaweka simu mezani inahesabu, na ikilia unakaa hata kama bado uko gizani. Dada mmoja anayeitwa Jepleting, anauza viazi sokoni, alieleza alivyokuwa akipika chang'aa na jinsi alivyotoroka polisi kupitia dirishani na sufuria kichwani. Darasa lilisimama kumpigia makofi. Wangu ulikuwa kwamba nililelewa kanisani, nikaiba sukari, nikatubu. Nilimaliza kwa sekunde arobaini. Jepleting akauliza, "Hiyo ndiyo yenyewe, fundi, ama bado unakohoa?"

Ogada aliniambia kwa upole nirudi nyumbani nikajichunguze. Alisema hajawahi kuona mtu mzima asiye na kitu. Nikikipata, niweke ndani yake jambo moja linaloonekana kwa macho, ambalo msikilizaji ataondoka nalo.

Nilijichunguza siku tatu. Nilipata, kaka. Lakini nilichopata nilikiona kidogo, nikakiacha. Nikachukua chako.

Najua unakumbuka. Naandika kwa sababu tangu ile Jumanne jikoni hatujawahi kulitaja. Jeff, kijana aliyeajiriwa na baba kukamua na kulisha. Yule ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyopinda kuelekea jichoni. Ijumaa ng'ombe akapotea kule kando ya kahawa, na kwa kuwa mama yake Jeff alifanya kazi Kikopey kwenye nyama choma, wewe na wenzako wawili mkakata shauri kwamba ng'ombe ameshafika kwenye makaa. Mkampeleka kijana kwenye kile kiwanda cha kahawa kilichoachwa na mzungu, ili aseme. Hakuwa na la kusema, na hakutoka humo mzima. Jumanne ng'ombe akarudi mwenyewe, anaburuta kamba, mdomo umejaa mahindi ya watu. Ndipo ukaketi jikoni, ukaniambia, ukaniapisha. Uliniambia mlimweka pahali ambapo jembe halitafika. Baba aliambiwa kijana amekimbia kwa aibu. Nasi tulikunywa maziwa ya ng'ombe yule miaka mingine mitano.

Darasani nilisema "mimi". Sikutaja Subukia, sikutaja jina la mtu. Nilimwacha ng'ombe na pembe yake, kwa sababu mwalimu alitaka kitu kinachoonekana.

Simu ililia, Ogada akaizima. Hajawahi kumfanyia mtu hivyo. Waliokuwa na leso walizitoa. Jepleting peke yake hakupiga makofi. Tulipotoka alinivuta pembeni akauliza, "Na mama ya huyo kijana?" Nikamwambia sijui aliko. Akasema basi sijaokoka, nimepona kikohozi tu.

Lazima nikiri kwamba nilionja utamu wake. Nilitoa ushuhuda huo stendi, nikautoa kwenye foleni ya kliniki, na hata geti moja la Milimani lilifunguka, tukaitwa ndani tukapewa juisi. Watu walikuja mbele wakilia, wakashika mikono yangu kama mikono iliyofanya kitu. Ajabu ni kwamba hata maombi yangu yalipata nguvu. Nilikuwa nikipiga magoti alfajiri natokwa na machozi, na machozi yalikuwa ya kweli. Daftari lilijaa. Ogada alilionyesha darasa jingine kama mfano wa mtu anayekua kiroho.

Halafu tukaenda Kikopey. Nilijiambia baada ya miaka yote hiyo mama yake Jeff hawezi kuwa bado yuko pale. Mwenye bucha moja alituruhusu tusimame pale kwenye mabomba ya kunawia, ambapo mtu hawezi kukukimbia akiwa na sabuni mkononi. Nikaanza. Nyuma yangu kulikuwa na mama wa makamo anakata vitunguu na nyanya za kachumbari, kata-kata-kata, mpaka nilipofika kwenye pembe. Hapo kisu kikanyamaza.

Alikuja nacho mkononi. Kuna mtu alipiga kelele, "Mathe, weka kisu chini!" Akamkabidhi Ogada kile kisu taratibu, kama mtu anayempa mwingine mtoto amshikie, akaniuliza pembe ilipinda jicho la upande gani. Nikasema la kushoto. Akasema Jeff alimpigia simu wiki ya mwisho akamwambia mzee anakataa kuikata, na siku moja itaingia jichoni. Akasema anaitwa Wariara, na Jeff ni mwanawe.

Ogada hupenda kuvuna shamba likiwa tayari. Alimuuliza kama yuko tayari kunisamehe, pale pale, na simu za watu zikiwa zimeinuliwa. Mama akamwambia, "Hayo ya kusamehe tutaona, pasta. Kwanza anionyeshe pahali."

Ningeweza kusema saa ile kwamba si mimi. Sikusema. Kusema si mimi ni kusema ni nani, na pia niliona aibu mbele ya wanafunzi wenzangu, aibu ya kukutwa na dhambi ya kuazima. Nikamwambia mama anipe siku chache.

Alhamisi ndiyo siku yake ya mapumziko. Alhamisi iliyofuata alikuja mpaka kibandani kwangu, akakaa kwenye kile kigoda cha wateja. Nikamuuliza kama atakunywa chai, akasema amekuja kuulizia tu. Alikaa mpaka jioni, akaondoka. Akaja Alhamisi ya pili. Wateja walidhani ni shangazi, wengine wakamwachia redio zao. Hakunitukana hata mara moja, na ningefurahi kama angenitukana. Alikuwa akiongea kidogo kidogo, macho yako barabarani. Alisema kwa miaka kumi na mbili hajabadilisha namba ya simu wala hajahama chumba, kwa sababu Jeff anavijua hivyo viwili. Alipata kazi nzuri zaidi Nairobi akaikataa. Alisema hajui afunge mlango usiku au auache.

Alhamisi ya tatu akanieleza alivyomtafuta. Alikuja Subukia, akafika getini kwetu. Mzee hakuwepo. Kijana mmoja alitoka, akamsalimu vizuri, akampa maji kwa kikombe, akamwambia Jeff alichukua mshahara wake akaenda Naivasha kwa wazungu wa maua. Basi akaenda Naivasha. Miaka miwili, kaka, kila likizo yake, geti baada ya geti, na picha ya Jeff ya kitambulisho ndani ya mfuko wa nailoni. Walinzi walimzoea. Mmoja alimwambia kuna anayefanana naye kwenye zamu ya usiku, akalala nje ya ua hadi zamu ikatoka. Hakuwa yeye. Alisema hamlaumu yule kijana wa getini. Alisema watu wengi walimfukuza, lakini yule alimpa maji.

Kijana huyo ni mimi.

Hilo hukulijua. Hukunituma, na kwenye kiapo chako hakukuwa na neno Naivasha. Nilimwona mama amesimama na mfuko wake, nikataka aondoke bila kulia mbele yangu, nikampa pahali pa kwenda. Ndilo nililopata zile siku tatu za kujichunguza. Nililipima nikaona halina damu, halitoshi dakika tatu, darasa halitasimama. Nikachukua lako lenye ng'ombe.

Ogada hakujua haya. Alikuwa ameshapanga ibada ya upatanisho Jumapili, viti viwili mbele, kwaya katikati, mama anikumbatie kisha nikabidhiwe cheti. Nilimwambia sitafika. Akasema ninampinga Roho. Inawezekana. Nilimrudishia daftari, na kwenye ukurasa wa mwisho nikaandika niliyofanya getini. Iliingia mistari minne.

Alhamisi iliyopita nilifunga kibanda mapema nikamwambia Wariara yote. Kwamba kiwandani sikuwepo. Kwamba nilijua tangu ile Jumanne. Kwamba maji yale nilimpa mimi, na Naivasha nilimpa mimi. Hakulia. Alinitazama kama anayelinganisha sura na picha. Kisha akauliza Naivasha niliitoa wapi. Nikamwambia ndilo jina la kwanza lililonijia. Akatikisa kichwa, akalirudia polepole, "La kwanza lililokujia," akasimama akajifunga leso. Kabla hajatoka aliuliza jina lako. Nikampa. Nikampa mji, nikampa duka la dawa za mifugo, nikampa na nyumba iliyo nyuma yake.

Najua wewe sasa ni mzee wa kanisa huko Ravine. Nimesikia ushuhuda wako kwenye simu, ule Cate alioturushia. Ni mzuri, una pombe na una ajali, na dakika zake ni tatu kamili. Sikuhukumu. Mimi nimefanya vibaya zaidi kwa kipaza sauti. Lakini wale wenzako wawili, mmoja tulimzika na mwingine hakuna ajuaye alikopotelea. Aliyebaki anayejua pahali ni wewe pekee.

Mama aliyekupa bahasha hii ndiye Wariara. Nadhani ukisoma hapa Cate ameshampa kiti, akidhani ana ng'ombe mgonjwa. Ninapoandika amekaa kwenye kigoda changu, na nikimaliza nitamsomea yote kabla sijampandisha gari, kwa hivyo hakuna lililo humu asilolijua. Usimwambie umeokoka. Amesikia shuhuda za kutosha. Usimpe pesa, na usimwombe msamaha kabla hajauliza. Hajaniahidi lolote kuhusu polisi, na mimi sikumwomba aniahidi. Wakija nitasema ya getini kwa jina langu. Ya kiwandani utayasema wewe. Anachotaka leo ni uinuke uende naye ukasimame pale, umwambie ni hapa.

Mama yetu bado sijamwambia. Nimekuachia wewe, kwa kuwa mtapita Subukia.

Msalimie Cate sana, na watoto uwaambie baba mdogo anawakumbuka mmoja mmoja. Wariara ametoka kwake gizani bila kula, na hapa amekataa hata chai. Cate ampe kitu, halafu muondoke mapema, maana ule mteremko wa nyumbani mvua ikishika haupitiki, na mtahitaji mwanga wa kuchimba.

Ni mimi mdogo wako,
Gathogo